Sura Ambayo Hakuiandika

Jina la Mama Tulia lisikudanganye. Mama yule hakuwa mpole hata kidogo. Hasira zake zilikuwa za karibu, ulimi wake mkali, na wakwe zake walikuwa wakipiga simu kwanza kuuliza ameamkaje kabla ya kuja kumsalimia. Jina lile alilipata kazini. Kwa miaka mingi, kabla hajawa mwandishi wa riwaya, alikuwa mpokea simu za dharura. Alikaa katika chumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, na kila aliyepiga akilia, akipiga kelele au akitukana, neno la kwanza alilolisikia kutoka kwake lilikuwa hilo: "Tulia. Nipo. Niambie uko wapi." Sauti ilikuwa ya kubembeleza mtoto. Wenzake walisema upole wote aliojaliwa aliumalizia mle ndani, nyumbani akawa anarudi na makombo.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mtu anapiga simu, unampokea na balaa lake, unamshikilia kwa sauti mpaka gari la polisi au la wagonjwa limfikie. Gari likifika, dereva anabonyeza kitufe, na taa ya kijani inawaka kwenye ubao ulio mbele yako. Ikiwaka unakata, unapokea simu nyingine. Basi, imetoka hiyo. Hupigi hospitali kuulizia. Hufuatilii. Wakongwe wa chumba kile walimwambia tangu siku ya kwanza kwamba anayefuatilia hadumu, atachanganyikiwa mapema. Mama Tulia akashika. Alijua mianzo ya misiba ya mji mzima, na mwisho hakujua hata mmoja.

Alipostaafu akaanza kuandika, na riwaya zake zikatoka vilevile. Zinaanza kwa kishindo, zinakwenda mbio, unashika roho mkononi, halafu pu! Zimekatika. Msomaji mmoja alikirudisha kitabu dukani akidai kurasa za mwisho zimechomoka. Wengine walimlaani waziwazi. Lakini wasomi walimpenda, wakamwandikia makala ndefu za kumchambua, wakasema eti anamwachia msomaji uhuru. Mama Tulia aliwacheka mpaka machozi. "Uhuru gani? Mimi sijui kilichotokea baadaye, na kama sijui, sisemi. Ninaishia pale nilipoishia kusikia. Sijawahi kumdanganya msomaji, na sitaanza uzeeni." Hilo ndilo alilojivunia kuliko watoto wake, na watoto wake walilijua hilo.

Riwaya ya nne ilikuwa ya simu ya mtoto wa kike. Mama yake amepigwa na baba wa kambo, amelala kwenye korido hasemi, na huyo baba ametoka nje akiapa kwamba atarudi. Mtoto amejifungia, anaongea kwa kunong'ona. Mpokea simu anamwambia ahesabu vigae vya sakafuni ili asipige kelele. Kitabu kizima ni simu ile moja, na kinaishia hivi: "Wanagonga," alisema mtoto. "Basi wafungulie, mwanangu," nikamwambia. Hapo ndipo mwisho. Mama Tulia aliuona kuwa mwisho mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

Basi asubuhi moja akaletewa nakala ya mwisho ya kusahihisha, kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Akavaa miwani, akaenda moja kwa moja nyuma kuangalia mwisho wake umekaaje. Akakuta baada ya "nikamwambia" kuna ukurasa mwingine. Na mwingine. Sura nzima! Mstari wake wa kwanza ulisema: "Aliyekuwa mlangoni hakuwa askari."

Lo! Nakala iliruka mpaka kwenye kabati la vyombo. Hakusoma mstari wa pili. Alipiga kelele moja ambayo binti yake, aliyekuwa bafuni, alitoka nayo akiwa na povu masikioni, akidhani mama ameanguka.

"Wameniandikia mwisho!" alisema Mama Tulia. "Wamekaa huko, wakaona bibi huyu hajui kumaliza, wakanimalizia! Washa gari."

"Mama, kunywa kwanza chai."

"Nitakunywa nikishamnywa mtu damu. Washa gari nimesema!"

Binti alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa taratibu zake, na alijua kwamba kubishana na mama akiwa katika hali ile ni kupoteza muda. Akavaa viatu. Njia nzima Mama Tulia alikuwa akijisemea, mara anamtukana mchapishaji, mara wajomba wa mchapishaji, mara kiwanda kilichotengeneza karatasi. Walipofika alimwambia binti abaki kwenye korido, kwa sababu kuna maneno atakayoyasema ambayo mzazi hayasemi mbele ya mwanawe.

Mchapishaji huyo watu walimwita Bwana Jalada, maana kitabu kwake kilikuwa jalada, kilichobaki ni cha kujazia. Alikuwa ameketi nyuma ya meza iliyojaa picha za majalada. Kando ya dirisha, nyuma ya marundo ya miswada, alikaa mhariri, dada wa miaka thelathini hivi, mgeni pale ofisini. Mama Tulia hakuwahi kumwona wala kumsikia. Walikuwa wakiandikiana tu barua pepe za koma na nukta, na alimwona kuwa mtu wa adabu.

Bwana Jalada alisimama na mikono miwili mbele. "Mama yangu! Nilikuwa nakutaja sasa hivi! Sikiliza, nililia. Mimi, na kitambi hiki, nililia. Miaka yote tunakuomba mwisho, safari hii umetuletea mwisho wa kufa mtu!"

"Nimeleta nini?"

"Sura ya mwisho. Yule mtoto... aisee."

"Wewe baba," alisema Mama Tulia taratibu, na wanaomjua wangeanza kutafuta mlango. "Unaniona nina wazimu? Niandike kitabu changu mwenyewe kisha nije hapa nikiwa natoka moshi? Sura hiyo sikuiandika. Sijaisoma na siisomi. Nataka nimjue mwanaharamu aliyeiandika, nataka aifute mbele yangu, halafu nataka unieleze ni lini jina langu limekuwa ukuta wa kila mtu kuchora."

 Bwana Jalada aligeuka kumtazama mhariri pale dirishani. "Si uliniambia ameituma yeye?"

"Nilikudanganya," alisema mhariri. "Niliiandika mimi."

Ala! Hata kujitetea hakujitetea. Mama Tulia alimwendea mpaka wakabaki wametenganishwa na rundo la miswada tu. "Mtoto mdogo kama wewe. Nani alikuruhusu kunitia maneno mdomoni?"

"Wewe ulinitia kwanza."

"Mimi? Nakujulia wapi?"

Mhariri hakurudi nyuma. Ulikuwa ukiutazama uso wake unaona kabisa kwamba hasira iliyokuwa mle ndani ilikuwa ya zamani kuliko ya mgeni wake, imelala humo miaka na miaka. "Kwenye kitabu umeandika kwamba ulimwambia mtoto ahesabu vigae," alisema. "Hukumwambia hivyo. Chumba kile hakikuwa na vigae. Nilikuwa ndani ya kabati la nguo, na wewe ukaniambia nikutajie nguo zilizomo, moja moja, polepole, na rangi zake. Nikakutajia gauni la mama la manjano. Ukasema, lazima anapendeza akilivaa."

 Kweli vigae alivibuni Mama Tulia mwenyewe, makusudi, ili mwenye simu asijitambue. Habari ya kabati hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

"Nilikisoma kitabu chako cha kwanza nikiwa chuoni," mhariri aliendelea. "Nyuma waliandika kwamba mwandishi alikuwa mpokea simu za dharura. Nikasema, labda ni yeye. Nikavisoma vyote nikijitafuta. Nilipomaliza chuo nikaja kuomba kazi hapa, nikakataliwa, nikarudi, nikakubaliwa. Halafu mswada wako ukaletwa mezani kwangu, na mimi nimo ndani. Mimi na mama yangu. Umetuleta mpaka mlangoni, ukatuacha hapo, ukaenda kupigiwa makofi."

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo! Ndivyo ulivyoniita ukiniambia nifungue."

 Bwana Jalada aliokota kalamu, akaiweka, akaiokota tena.

"Taa iliwaka," alisema Mama Tulia, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ya kijani. Iliwaka mbele yangu. Maana yake gari limefika. Na wewe ukasema wanagonga."

"Limefika wapi?"

Swali lile lilikuwa dogo, lakini Mama Tulia alilielewa papo hapo. Alikuwa akijua. Chumba kizima kilikuwa kikijua. Madereva walipimwa kwa haraka yao, kwa hiyo walikuwa na kamchezo kao: kitufe cha kufika walikibonyeza wakiwa bado njiani, kwenye kona ya mwisho, wengine hata kabla ya kona, ili rekodi isomeke vizuri. Wakubwa walijua wakanyamaza, maana rekodi nzuri ilikuwa yao pia. Wapokea simu walikuwa wakitaniana juu ya jambo hilo wakati wa chai.

"Umeandika hata hilo la kubonyeza mapema," alisema mhariri. "Kwenye kitabu chako cha pili. Dereva anabonyeza kitufe huku amesimama kununua mahindi. Mhadhiri wetu alitusomea kwa sauti, darasa zima wakavunjika mbavu. Mimi nilitoka nje nikatapika."

"Washenzi!" Mama Tulia alipiga meza, marundo yakaporomoka. "Washenzi wale! Namkumbuka aliyekuwa zamu, namjua mpaka kwao, mvivu yule, mnafiki mkubwa! Nitamtafuta! Kama amekufa nitakwenda kumfukua! Nitaandika..."

"Yeye alibonyeza," alisema mhariri. "Wewe ulisema."

Hasira ya Mama Tulia ikakosa pa kwenda. Alitazama huku na huku kana kwamba kuna mtu mwingine mle chumbani wa kumbebesha. Alikuwepo mmoja tu, naye, masikini, akachagua wakati huo kufungua mdomo.

"Jamani, poleni sana," alisema Bwana Jalada. "Poleni kwa kweli. Lakini hebu tufikirie kidogo. Hiki ni kisa cha kweli! Tukiandika hapa juu ya jalada, kwa herufi nyekundu..."

"Nyamaza!" walimwambia wote wawili kwa pamoja. Bwana Jalada akajikohoza, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwandishi ni Mama Tulia, kitabu ni chake, na akisema sura itoke, itatoka leo hii.

Mhariri aliinama, akaokota karatasi zilizoanguka, akazitafuta za sura ile na kuziweka mbele ya Mama Tulia. "Soma," alisema. "Isome yote kwanza. Halafu ukitaka kuifuta ifute. Lakini safari hii usikimbie."

Mama Tulia alisoma akiwa amesimama. Alisoma kwamba mtoto alitoka kabatini na simu mkononi akaenda kufungua mlango. Kwamba baba wa kambo alimpita bila kumgusa, bila hata kumtazama, kama mtu anayepita kiti. Kwamba alikwenda mpaka koridoni alikolala mama. Kwamba mtoto alirudi kabatini akavuta mlango, na akasikia yote. Kwamba polisi walipofika mlango ulikuwa wazi, na baba wa kambo amekaa jikoni ananawa mikono. Kwamba mama hakufika hospitali. Sura ilikuwa imeandikwa wazi, bila chumvi, bila kilio, na Mama Tulia, aliyesikia vilio vya kila aina katika maisha yake, hakuyaona tena maandishi, akalazimika kuvua miwani na kuifuta.

Ukurasa wa mwisho ulimsimamisha. Uliandikwa hivi, kwa sauti ya mtoto: Yule mama alikuwa bado yupo kwenye simu. Hakusema kitu, lakini nilimsikia. Alikaa na mimi mpaka kabati likafunguliwa.

Aliusoma mara mbili. Hasira ikampanda upya, lakini sasa alijua inamhusu nani: yeye mwenyewe.

"Hapa umedanganya," alisema. "Sikukaa. Taa iliwaka, nikakata. Nikapokea nyingine papo hapo, hata sikumbuki ilikuwa ya nini. Labda ya moto wa jiko. Wewe umo kabatini unasikia mambo yale, na mimi namwuliza mtu jiko lake lina gesi au halina. Unasikia? Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sura hii itabaki yote, neno kwa neno, lakini huu uongo wa kunipamba siutaki. Nipe kalamu. Nitaandika nilikata."

Akampokonya Bwana Jalada kalamu yake. Lakini kabla hajaigusisha karatasi, mhariri aliutandaza mkono wake juu ya mistari ile, vidole vimeachana, vyote vitano.

"Usifute."

"Si kweli!"

"Najua si kweli! Unadhani sijui?" Sasa dada yule alikuwa analia, na alikuwa analia kwa ghadhabu, bila kujifuta. "Uliniambia, 'Nikinyamaza ujue nasikiliza.' Hukumbuki? Uliniambia mwanzoni kabisa, nilipokuwa napiga kelele. 'Nikinyamaza ujue nasikiliza, wewe endelea kuniambia.' Basi ukanyamaza. Na mimi nikaendelea kukuambia. Nilikuambia si wao. Nilikuambia ni yeye. Nilikuambia kila alichokuwa anakifanya, na kwenye simu kulikuwa na mlio, tu tu tu, na mimi nilikuwa mtoto, sijui mlio ule ni wa nini, nikasema ni wewe, unapumua. Nilikua na mlio ule. Nililelewa na watu baki, nikilala nausikia, nasema yule mama yupo. Mpaka nilipokuwa msichana mkubwa ndipo nikamsikia mtu akikatiwa simu mbele yangu, nikaelewa."



"Vyote nimekuachia," aliendelea mhariri. "Kitabu ni chako, jina ni lako, hata mama yangu umemchukua. Hiyo mistari ni yangu. Sikukuandikia wewe upendeze. Niliandika kwa sababu bila hiyo mimi nisingetoka kwenye lile kabati."

Binti wa Mama Tulia alikuwa amefungua mlango kidogo baada ya kusikia marundo yakianguka. Alimwona mama yake amesimama na kalamu hewani, na hakumtambua. Huyu mwanamke aliyekataa kuwadanganya hata wanawe walipokuwa wadogo, aliyewaambia dawa ni chungu kabla ya kuwanywesha, alikuwa akiutazama mkono ule juu ya karatasi kama mtu aliyeambiwa abebe jiwe ambalo anajua halibebeki.

"Unajua unachoniomba?" alisema Mama Tulia. "Watu wataniita kwenye makongamano. Wataniuliza. Kila mara wananiuliza, mama, hii ni kweli? Na mimi huwajibu. Sina kingine, binti yangu. Sikusoma sana, sina maneno makubwa. Nina hilo tu, kwamba nikisema nilisikia, nilisikia."

"Ndiyo, najua," alisema mhariri. "Wakikuuliza, utasema ulibaki. Kila watakapokuita utasema hivyo. Na useme vizuri, kwa sauti yako ile."

Bwana Jalada alikuwa anatazama sakafu. Nje mtu alikuwa akiburuta sanduku koridoni, na likaburutwa mpaka likafika huko lilikokuwa likienda.

Mama Tulia aliiweka kalamu mezani.

"Nitasema nilibaki," alisema.

Mhariri aliondoa mkono. Alizikusanya karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akazirudisha kwenye bahasha ya kwenda mtamboni. Hakusema asante, na Mama Tulia hakuisubiri.